Kabla hujanunua kiwanja cha ufukweni huku kusini, lala kwanza

Wiki iliyopita dada mmoja muuguzi aliniandikia kutoka Morogoro. Yeye na mume wake wamechoka kupanga, wana akiba kidogo, wanataka kuhamia kijiji cha pwani. Swali lake lilikuwa fupi: "Dada, kati ya Mtwara na Lindi, ni kijiji gani kina ufukwe mzuri na viwanja vya bei nafuu?" Nililisoma mara nyingi, maana mwaka 2018 nililiuliza hivyohivyo mimi mwenyewe, na jibu nililopewa likanimalizia akiba ya miaka tisa.

Nilikuja Agosti. Agosti huku mvua hakuna, joto limepungua, na upepo wa kusi unavuma mchana kutwa hata mbu humsikii. Dalali alinipeleka kijijini saa kumi jioni. Maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mizizi ya minazi, mchanga mweupe, ngalawa mbili zinarudi. Nikalia machozi ya furaha palepale. Sasa najua kwamba ile saa aliichagua. Angenipeleka saa nne asubuhi ya siku hiyohiyo, ningeona tope tupu na mikoko, na bahari iko mbali kule kama mstari. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa pwani hii hupita mita 3, na mahali palipo bapa maji yanarudi nyuma mwendo mrefu sana.

Nikalipa. Tuliandikiana kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wawili, wote wa dalali. Ofisi ya kijiji sikuiona. Nikaambiwa hayo yatamalizwa baadaye. Nikaambiwa pia kiwanja kinakwenda "mpaka mawimbini", na nikaamini, wakati Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza kujenga na shughuli nyingine za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mtu anayekuuzia mawimbi anakuuzia kitu ambacho si chake.

Ya ujenzi nayaruka. Masika ilinikuta ndani ya chumba kimoja na sebule. Kisima changu kilitoa maji ya chumvi, sabuni haishiki povu, chai haina ladha. Maji ya kunywa yakawa ya kununua kwa dumu, yanaletwa na bodaboda, na mvua ikinyesha siku tatu bodaboda haiji. Yote hayo ningeyavumilia.

Ninaloona aibu mpaka leo ni seng'enge. Katikati ya kiwanja changu ilipita njia nyembamba ya mguu. Maji yakipwa, akina mama wa kijiji walipita pale na vyuma vyao kwenda kuchokoa pweza, wengine na vitambaa vya kutanda uduvi. Asubuhi moja nikaiziba. Niliona wananiharibia faragha. Bibi mmoja akasimama upande wa pili akaniambia kwa upole, "Mwanangu, njia hii hata mama yangu aliipita." Nikamjibu kwamba nina karatasi.

Hakunitukana mtu. Walizunguka kupitia kwenye mikoko, tope mpaka magotini, na ndoo kichwani. Ila kuanzia siku ile hodi hazikupigwa tena mlangoni kwangu. Nikipita, salamu inajibiwa nusu.

Miezi michache baadaye akaja mzee mmoja na wapwa zake. Aliyeniuzia alikuwa kijana wa ukoo, na mimi sikuwa nimejifunza jambo ambalo kila mtoto wa huku analijua: kwa Wamakonde na Wamwera, kwa desturi, ukoo huhesabiwa upande wa mama, na mjomba ana neno kubwa. Unaweza kumlipa mtoto wa marehemu, kumbe shamba ni la wapwa wake. Baraza likakaa. Nikaulizwa: nani alikuwepo, nani alikuona ukionyeshwa mipaka, nani kati ya majirani anaweza kusimama? Simu ya dalali ilikuwa imezimwa. Nikawatazama wale akina mama waliokuwa wamekaa chini ya mwembe. Baadhi yao walijua kwamba nililipa pesa halali, waliniona. Wakanyamaza. Na kwa nini wasinyamaze? Niliwafungia njia ya mama zao.

Nikatoka na mabegi mawili na cherehani. Barabara ile nikiipita kwa basi sigeuki kutazama.

Kwa hiyo, dada yangu, swali la kwanza usiliulize kuhusu ufukwe. Jiulize kama utapata mashahidi mahali hapo. Unawapata kwa kulala kijijini. Lala kwanza, nunua baadaye.

Mimi mara ya pili nilipanga chumba Mikindani miezi minane. Mikindani ni mji mdogo wa zamani, kilomita kama 10 kutoka Mtwara mjini, nyumba za mawe, boma la Wajerumani la 1895, na daladala za mjini zipo. Nilishona sare za shule, na kila Jumapili nikachukua bodaboda kwenda kijiji tofauti. Kila nilikofika niliomba maji ya kunywa kabla ya kuuliza habari ya kiwanja. Ukipewa kikombe, unaonja kisima na unaonja watu kwa mkupuo mmoja. Niliwauliza akina mama: wajawazito wanapelekwa wapi usiku na kwa usafiri gani. Nilikwenda bamvua la kupwa, nikaenda masika njia zikiwa na utelezi, nikaenda Juni wakulima wanapopuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, maana ukikaa upande unaopelekewa na upepo macho yanawasha wiki nzima.

Nilichokichagua ni kijiji ambacho watu wa picha hawakitaki. Ukishapita Mikindani kuelekea Lindi unaacha lami, unashuka kulia. Mchanga wake si mweupe. Kina kisima cha maji baridi, matamu. Nilikwenda ofisi ya kijiji mwenyewe. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, basi nikasubiri halmashauri ikae, ikaandika muhtasari, tukatembea mipaka na majirani wa pande zote nne pamoja na mjomba wa ukoo. Baadaye nikaomba hati ya hakimiliki ya kimila. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyopenda. Nyumba iko mbali na maji, na njia ya akina mama inapita ubavuni mwa jiko langu. Nimeipandia miti pembeni ili wapate kivuli, na mtungi wa maji uko pale.

Mei 2024, mvua zilizokuja na kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar es Salaam upande wa Somanga, bidhaa zilipanda bei huku. Kwangu hatukulala njaa hata siku moja: muhogo ulitoka kwa jirani, samaki wakatoka kwa mwingine. Na mwaka jana jirani alipogombewa mpaka, aliyeitwa kusimama na kusema alichokiona ni mimi. Nilikwenda na khanga mpya. Najivunia siku ile kuliko nyumba yenyewe.

Kuhusu majina, maana najua unayataka. Msimbati ina mchanga bora kuliko wote niliouona, lakini iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na ina masharti yake. Barabara nayo ni ya mchanga. Msanga Mkuu na Kitunda zinatazamana na miji, Mtwara na Lindi, lakini unavuka maji, kwa hiyo jiulize usiku wa manane mtoto akiwa na homa. Mchinga iko kaskazini ya Lindi, upande wa barabara kuu, hilo ni jema. Kilwa Masoko inafaa kwa anayetaka biashara ya wageni wanaokwenda Kilwa Kisiwani, ila hospitali ya wilaya iko mji mwingine, Kilwa Kivinje. Yote hayo nenda ukalale.

Na nyinyi mnaotoka mjini, niwaambie jambo moja kwa ukali kidogo. Pwani ni mahali pa kazi. Pweza wa asubuhi ni ada ya shule ya mtu. Msije mkalalamikia ngoma za unyago baada ya mavuno, mkalalamikia harufu ya dagaa wakianikwa, mkalalamikia wavuvi wanaovuta nyavu mbele ya baraza zenu. Msibani nenda, hata kama humjui marehemu. Shikamoo haina umri wa kuiacha. Ukialikwa ming'oko, vile viazi vya porini, kula. Na njia ya watu usiizibe, hata kama iko katikati ya kiwanja chako na hati unayo mkononi. Nenda ukaongee nao kwanza.

Dada yangu muuguzi, uliuliza pia kama muuze gari dogo mlilonalo. Msiliuze kabla ya masika yenu ya kwanza hapa. Likikwama mara mbili njiani mtajua wenyewe, na pesa yake itatosha pikipiki moja na tangi la kukinga maji ya mvua. Mkija Machi, chumba changu cha nje kiko wazi. Njoo na chandarua chako, cha kwangu kimetoboka.