Q bila U kwenye Scrabble

Umeuliza ufanyeje kwenye Scrabble ya Kiingereza, mchezo wa kupanga vigae vya herufi kuunda maneno, ukibaki na Q mkononi na U zote nne, ambazo kwa kawaida huifuata Q, zimeshatoka. Shika neno QI (nguvu ya uhai katika fikra za Kichina) kwanza. Ni herufi mbili tu, linapenya karibu popote penye I, na Q peke yake ina pointi 10. Ukiiweka Q kwenye mraba unaozidisha pointi za herufi mara tatu, ukaunda QI kwa kulala na kwa kusimama kwa mpigo mmoja, unavuna 62. Wapinzani watanuna! Kisha kariri QAT, QAID, FAQIR na TRANQ; mengine yatakuja yenyewe. Kwa mazoezi, ingia OneLook, tovuti ya kutafuta maneno kwenye kamusi, uandike *q*, utapata maneno yenye Q. Ila mkubaliane kamusi mapema, maana orodha ya maneno yanayokubaliwa Marekani na ya Uingereza hazilingani.