Hopsi mbichi hazipimwi kama kavu

Ndugu, umeuliza kama gramu 50 za hopsi kavu (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) zilizo kwenye resipe yako ya bia unaweza kuzibadilisha na gramu 50 za zile ulizootesha mwenyewe. Hapana, bia itakuwa hafifu. Ua bichi karibu asilimia 80 ni maji, kwa hiyo tia mara 5 hivi ya uzito wa kavu, yaani kama gramu 250. Andaa sufuria kubwa!

Kwa uchungu usizitegemee, maana hujui ukali wake na hakuna pakiti ya kukuambia. Mwanzo wa kuchemsha tia kavu za dukani. Mbichi zingoje dakika 5 za mwisho, au ukishazima moto. Faida yake ni harufu, na moto mrefu huifukuza.

Kabla ya kuchuma, pasua ua moja kwa kucha. Ukikuta unga wa njano unaonata na kunukia, na ua lenyewe likichakarika kama karatasi, limeiva. Likiwa bado laini na lenye majimaji, liache. Ukishachuma, pika siku hiyohiyo, kwani zikirundikana hupata joto na kuanza kuoza. Unapozitia sufuriani, zifunge kwenye mfuko wa wavu, la sivyo utahangaika kuchuja.