Maswali ya wasomaji: Kuomba nafasi ya uzamili na uzamivu

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu maombi ya masomo ya juu katika historia, sosholojia, isimu, anthropolojia na fani nyingine za insia na sayansi za jamii. Tumechagua tano ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

SWALI: Nina shahada ya kwanza ya sosholojia na naomba uzamivu. Nimeandika kurasa tatu za maelezo ya dhamira, nikaanza na maisha yangu ya utotoni. Aliyenisomea amesema havutiwi, lakini hasemi kwa nini. Nimekosea wapi?

JIBU: Umekosea pa kuanzia. Maelezo ya dhamira ni waraka wa kitaaluma. Mwalimu anayeyasoma anataka kujua unaulizia nini, umejiandaaje kukiulizia, utakichunguza kwa njia gani, na kwa nini uje kwao badala ya kwingine. Vyuo vingi huweka ukomo wa ukurasa mmoja au miwili, yaani maneno kati ya 500 na 1,000. Ukitumia aya mbili za mwanzo kusimulia utoto, umekwisha kula robo ya nafasi yako. Baadhi ya vyuo, hasa vya Marekani, huomba insha ya pili inayohusu maisha yako. Utoto upeleke huko.

Chukua sentensi hii: "Tangu nikiwa mdogo nimevutiwa na masuala ya ardhi na haki za wanawake." Haina kosa la lugha, ila yeyote angeweza kuiandika. Ilinganishe na hii: "Nataka kuchunguza kwa nini wajane wa vijiji viwili jirani, wanaotawaliwa na sheria moja ya ardhi, hupata hukumu tofauti wanapodai urithi mbele ya wazee." Hapa kuna watu, kuna ulinganisho, na kuna jambo lisiloeleweka linalohitaji kuelezwa. Mwalimu wa sosholojia ya sheria akiisoma tu, anajua huyu ni mwanafunzi wake.

Aya inayofuata ieleze kazi uliyokwisha kuifanya, kwa vipimo. Usiseme "nina uzoefu wa utafiti". Sema ulihoji watu wangapi, kwa lugha gani, ulisoma nyaraka zipi, na ulikwama wapi. Pale ulipokwama usipafiche. Mtu akieleza kwamba kumbukumbu za baraza alizosoma zilitaja mashamba na mipaka yake, lakini majina ya wajane yalikuwa hayamo, ameonyesha anajua kusoma chanzo na amejipatia swali la kuendelea nalo.

Malizia kwa idara. Taja walimu wawili au watatu, na useme ni hoja gani katika kazi zao inayokutana na swali lako. Kwanza hakikisha bado wapo: wengine wamestaafu, wengine wamehama, na wengine hawapokei wanafunzi wapya mwaka huo. Kisha soma faili mara ya mwisho ukitafuta kosa moja tu, jina la chuo kingine lililobaki kutoka ombi la jana. Kosa hili hutokea kila mwaka, na linauma kwa sababu kulizuia ni kazi ya dakika tano.

SWALI: Natakiwa kuwa na barua tatu za mapendekezo. Nichague mkuu wa kitivo, ambaye ana jina kubwa, au mhadhiri kijana aliyesimamia tasnifu yangu? Na mmoja ameniambia niandike mwenyewe barua, yeye atasaini.

JIBU: Mchague aliyesoma kazi yako. Barua ya mkubwa asiyekufahamu huwa na sentensi tatu: nilimfundisha, alipata alama nzuri, ana nidhamu. Kamati ya udahili haipati cha kushika. Msimamizi wa tasnifu anaweza kusema uliibadili hoja ya sura ya tatu baada ya data kukukatalia, na sentensi hiyo moja inazidi cheo. Meneja wa kazini anafaa kama barua ya tatu pale tu kazi yenyewe ilikuwa ya utafiti, uhariri au uchambuzi.

Kuhusu kujiandikia barua, tunakushauri uliepuke kwa upole. Si suala la maadili peke yake. Barua mbili au tatu zikitoka kwenye kalamu moja zinafanana mpangilio, misamiati, hata vituo, na msomaji mzoefu hulitambua hilo. Mpe mhadhiri ukurasa mmoja wa vidokezo: somo alilokufundisha na mwaka, alama uliyopata, mada ya kazi uliyomwandikia, jambo moja alilolisifu au kulikosoa, na nini unaomba na wapi. Ambatisha kazi yenyewe ikiwa na masahihisho yake. Mara nyingi anayesema "andika mwenyewe" anachokosa ni kumbukumbu, na ukimrudishia kumbukumbu ataandika.

Mwombe wiki sita hadi nane kabla ya siku ya mwisho. Jua pia kwamba barua hupakiwa na mwandishi mwenyewe kupitia kiungo ambacho mfumo wa chuo humtumia kwa baruapepe, na kiungo hicho hupenda kuangukia kwenye kapu la barua taka. Wiki mbili kabla, ingia kwenye akaunti yako ya maombi uone nani amepakia. Mfumo ukikuuliza kama unaachilia haki ya kuisoma barua, kubali. Barua ya siri huaminiwa zaidi.

SWALI: Je, lazima nianze na uzamili ndipo niombe uzamivu? Na naweza kutumia nyaraka zilezile kuomba Marekani na Uingereza?

JIBU: Inategemea unakokwenda. Marekani idara nyingi hupokea mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja kwenye uzamivu. Miaka miwili au mitatu ya mwanzo ni madarasa na mitihani, kisha tasnifu, na mara nyingi safari nzima huchukua miaka mitano hadi saba, au zaidi. Uingereza kwa kawaida hutaka uwe na uzamili kwanza, halafu uzamivu ni wa miaka mitatu hadi minne ya utafiti, huku madarasa yakiwa machache.

Tofauti hiyo ndiyo inayobadili nyaraka. Anayeomba Marekani anaonyesha uwezo na mwelekeo, na hakuna anayemtarajia awe na mpango kamili wa tasnifu. Anayeomba Uingereza hupeleka pendekezo la utafiti, mara nyingi maneno 1,000 hadi 2,000: swali, waliyokwisha kusema wengine na pengo lililobaki, vyanzo au mbinu, na ratiba ya miaka mitatu. Mapendekezo mengi huanguka kwa upana. "Athari za utandawazi katika lugha" haitekelezeki. Punguza mahali, kipindi na kundi la watu hadi uweze kutaja kwa kidole ni nyaraka zipi utazifungua wiki ya kwanza.

Uingereza, na Ujerumani kwa wanaofuata utaratibu wa uzamivu wa mtu mmoja na msimamizi wake, hutafutwa msimamizi mapema. Mwandikie barua fupi, maneno 150 hivi: wewe ni nani kwa sentensi moja, swali lako kwa sentensi mbili, linagusaje kazi yake, na kama anapokea wanafunzi. Ambatisha wasifu na pendekezo. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki mbili, basi.

SWALI: Wanataka sampuli ya uandishi ya kurasa 20. Tasnifu yangu ina kurasa 90. Nipeleke sura ipi?

JIBU: Ile yenye hoja na ushahidi wako. Utangulizi na mapitio ya maandiko yanaeleza mawazo ya wengine, kwa hiyo yaache. Ukomo wa kawaida ni kurasa 15 hadi 25 zenye nafasi mbili kati ya mistari. Sura ikatwe na kuunganishwa upya iweze kusimama peke yake: ongeza aya moja ya mwanzo inayoeleza swali la tasnifu nzima, ondoa "kama tulivyoona katika sura iliyotangulia", na kagua kila tanbihi. Ikiwa kazi yako imeandikwa kwa Kiswahili, uliza idara mapema kama wanapokea tafsiri.

SWALI: Ada za maombi ni mzigo. Kuna njia? Na nikipata nafasi sehemu moja huku nikisubiri nyingine, nifanyeje?

JIBU: Vyuo vingi vya Marekani vina msamaha wa ada ya maombi, ila huombwa kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho. Ukishalipa harudishiwi mtu. Andikia ofisi ya udahili na idara pia, kwani mara nyingine idara ndiyo yenye uwezo wa kusamehe. Punguza gharama za mitihani pia: idara nyingi za fani hizi zimeacha kudai GRE, mtihani wa kuombea masomo ya juu, kwa hiyo soma ukurasa wa idara yenyewe kabla hujajisajili. Matokeo ya GRE hudumu miaka mitano, ya TOEFL na IELTS miwili. Ukifanya mtihani wa Kiingereza mapema mno utalazimika kuurudia.

Kuhusu kusubiri, ipo tarehe ya kukusaidia. Vyuo vilivyotia saini azimio la Council of Graduate Schools, muungano wa vyuo vya masomo ya juu wa Marekani, haviwezi kukulazimisha ujibu ofa yenye ufadhili kabla ya Aprili 15. Angalia kama chuo chako kimo kwenye orodha. Kabla ya siku hiyo uliza kwa maandishi: posho ni ya miezi tisa au 12, bima ya afya imo, ufadhili umehakikishwa kwa miaka mingapi, na utafundisha saa ngapi kwa wiki. Ofa unayojua huichukui, ikatae mara moja, maana aliye kwenye orodha ya kungoja anaipata nafasi hiyo.