Kabla Hujanunua Fleti ya Ushirika Jackson Heights

Dada mmoja anayeishi Bronx ameniuliza kwa nini fleti ya ushirika aliyoiona ikiuzwa Jackson Heights, mtaa wa Queens ambao nimehamia hivi karibuni, ina bei ya chini kuliko kondo (fleti ambayo mnunuzi huimiliki mwenyewe kwa hati) iliyo jirani yake, ilhali ni pana zaidi, kuta zake ni nene na sakafu yake ni ya mbao ya miaka ya 1920. Naona jibu linatuhusu wengi tuliochoka kulipa kodi ya pango New York.

Ukinunua fleti katika jengo la ushirika, hupewi hati ya nyumba. Jengo zima ni mali ya kampuni, nawe unanunua hisa za kampuni hiyo pamoja na mkataba unaokupa haki ya kukaa katika fleti yako. Kwa kuwa unaingia ubia na wakazi wenzako, bodi yao ina mamlaka ya kukuchunguza, na ikikukataa hailazimiki kutaja sababu, mradi isikubague kwa rangi, dini wala asili yako. Ndivyo sheria inavyosema. Kuthibitisha kwamba umebaguliwa ni kazi nyingine.

Kabla ya kupata hapa nilikataliwa na jengo jingine, kwa barua fupi isiyo na maelezo. Mshahara nilikuwa nao, na akiba pia. Maswali yao karibu yote yalihusu fedha zilizoingia kwa mkupuo katika akaunti yangu, ambazo zilikuwa zamu yangu ya upatu tunaocheza kina mama wa Afrika Mashariki, na zile ninazotuma Tanga kila mwisho wa mwezi, ambazo waliziona kama deni nililoficha. Bado inaniuma. Mtaa wenyewe una historia hiyo: Queensboro Corporation, iliyoanza kuujenga katika miaka ya 1910, iliwafungia milango Wayahudi na watu weusi. Leo ukipita Roosevelt Avenue chini ya reli ya treni namba 7 utasikia Kihispania, Kibangla na Kinepali, na sidhani kama waanzilishi wangefurahi.

Katika jengo hili nilitanguliza maelezo kabla ya kuulizwa. Mweka hazina wetu wa upatu aliandika barua, akaambatisha orodha ya zamu na viwango, nami nikapiga mstari chini ya kila kiasi kinacholingana na taarifa yangu ya benki. Siku ya mahojiano, mama mmoja wa bodi aliisoma orodha hiyo kwa kidole, akacheka, akasema kwao Kolombia wanacheza vivyo hivyo. Baada ya hapo tulizungumzia redieta, vile vyuma vya kupasha fleti joto.

Kwa hiyo, ndugu zangu, pangeni makaratasi mapema, na msione haya kueleza fedha zenu zinakotoka na zinakokwenda. Nanyi ichunguzeni bodi. Bei huwa ndogo kwa sababu kila mwezi utalipa ada inayobeba kodi ya majengo, mafuta ya boila, mishahara ya wafanyakazi na, mara nyingi, mkopo wa jengo lenyewe. Someni hesabu za kampuni na kumbukumbu za vikao, kwa maana humo ndimo utakapokuta paa linalovuja na mchango wa dharura unaokuja. Ulizeni kama ardhi ni ya kampuni au kampuni imeikodi kwa mwingine. Ulizeni pia jengo limejiandaaje kwa sheria ya jiji namba 97 ya mwaka 2019, inayotoza faini majengo mengi yenye zaidi ya futi za mraba 25,000 yakizidisha hewa ya ukaa. Majengo ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia yanapendeza, lakini nyaya zake za umeme huweza kushindwa kubeba kiyoyozi na maikrowevu kwa pamoja. Someni makaratasi, nasema tena.

Wengi wetu pia tuna ndoto ya kurudi nyumbani na kuishi kwa kodi ya fleti tuliyoiacha Marekani. Majengo mengi ya ushirika huruhusu kupangisha kwa miaka michache tu, mengine hayaruhusu kabisa, na mpangaji naye hupitishwa na bodi. Kama mpango wako ni huo, lipa bei kubwa ununue kondo.