Vinasaba "vimefanana" au "vimelingana"?

Msomaji wa Moshi kaniuliza hivi: "Shikamoo mwalimu, kwenye habari za kesi huyu anaandika vinasaba (DNA) vimefanana, yule vimelingana, mwingine anaandika moja kwa moja damu ni ya mshtakiwa. Ipi sahihi?"

Marahaba mdogo wangu. Andika vimelingana, tena ukazanie hapo hapo, maana neno moja linaweza likamfunga mtu.

Kufanana ni sura tu. Nenda mitumbani Kiboriloni ushike mashati mawili ya bluu, yamefanana, ila moja kola imechakaa na kifungo cha juu hamna. Ndugu wa tumbo moja pia wanafanana vinasaba na kila mtu ni wake (wale tunaowaita mapacha wa kufanana ndo vyao vinalingana kabisa). Kulingana ni ya seremala, anapanga mbao mbili, anapitisha kidole pale zinapokutana, hakuna iliyozidi. Maabara wanafanya hivo hivo, wanaangalia sehemu kadhaa za vinasaba, Marekani tangu 2017 ni 20, wanahesabu kila sehemu kipande kimejirudia mara ngapi, na namba zikiwa sawa kote ndo zimelingana.

Sasa "ni ya mshtakiwa" hiyo hatua ingine kabisa. Ita "Massawe!" stendi ya Moshi uone wangapi watageuka, halafu kaite Mtwara. Jina lile lile ila uzito sio ule ule, na namba za vinasaba ziko hivo, iliyojaa kwenye jamii moja inaweza kuwa adimu kwa wengine, kwahiyo anayepiga hesabu ya uwezekano wa mtu mwingine kulingana hivo lazima ajue anapiga kwa watu gani. Mwaka 1991 wanasayansi wa vinasaba Richard Lewontin na Daniel Hartl waliandika kwenye jarida la Science kupinga hesabu zilizofanywa kana kwamba watu wote wameoana bila kuchagua jamii, ikawa mabishano makubwa sana.

Na tafadhali mkitafsiri "population" msiandike "idadi ya watu" mkimaanisha watu wenyewe, idadi ni hesabu, semeni jamii. Kabila nalo msilikimbilie, Lewontin huyo huyo mwaka 1972 alionyesha karibu asilimia 85 ya tofauti zetu ziko ndani ya jamii moja, yaani mtu na jirani yake.

Mimi ningeandika: "Vinasaba vya damu iliyokutwa eneo la tukio vimelingana na vya mshtakiwa, na uwezekano wa mtu baki wa jamii hiyo kulingana hivyo ni...", halafu unaweka namba ile ile aliyoitaja shahidi.