Ratiba ya Chakula ya Kaka Yako Si Yako

Nilipoweka picha ya medali yangu ya nusu marathoni ya Moshi (ndiyo, ndio muda wangu bora kuliko yote, asanteni kwa pongezi), binti mmoja aliniandikia inboksi. Anakimbia, na kocha wake amempa ratiba ya chakula ileile anayotumia kaka yake. Hedhi imekata tangu masika, na mguu unamuuma. Kocha kamwambia asijali, mwili umeiva. "Dada, ni kweli?"

Si kweli hata kidogo. Na kwa kuwa maneno hayo nami niliambiwa, mnivumilie nikipandisha sauti.

Klabu niliyoanzia Arusha, wasichana tulikuwa wachache. Alfajiri chai ya rangi, halafu mbio ndefu, halafu ugali wa kudonoa, maana eti mwepesi ndiye mwenye kasi. Wanaume waliongeza sahani bila kuulizwa. Sisi tukinyoosha mkono, macho yote kwetu. Hedhi ilipopotea nilipongezwa mbele ya wenzangu. Mfupa wa muundi ulipopata ufa, nikaambiwa sina moyo. Neno hilo linaniuma mpaka leo. Aliyenisaidia ni daktari, mama mtu mzima, ambaye hata hakutaka kujua nakimbia kilomita ngapi. Aliuliza nakula nini, na hedhi ya mwisho niliona lini.

Nikaanza kusoma, na nilichokuta kilinichosha. Uchambuzi uliotoka mwaka 2021, uliopitia zaidi ya tafiti 5,000 za sayansi ya michezo, ulikuta wanawake ni asilimia 34 tu ya waliopimwa. Tafiti za wanawake peke yao zilikuwa asilimia 6. Yaani ushauri mwingi tunaopewa ulipimwa kwenye miili ya kaka zetu.

Chukueni suala la kujaza wanga kabla ya mbio, ambalo kila kocha analihubiri. Mwaka 1995 mtafiti Mark Tarnopolsky na wenzake kule Kanada waliwapa wanaume na wanawake mlo wenye wanga asilimia 75 kwa siku 4. Akiba ya glaikojeni (wanga ambao mwili umeuhifadhi) kwenye misuli ya wanaume ilipanda kwa asilimia 41. Ya wanawake haikupanda. Kumbe wanawake hawawezi? Subirini. Mwaka 2001 walirudia, safari hii wanawake wakaongezewa chakula chote kwa jumla, na akiba ikapanda. Asilimia 75 ya sahani ndogo ni wanga kidogo, basi! Kwa hiyo dada, ongeza sahani.

Kuhusu hedhi, mtafiti Anne Loucks wa Marekani alionyesha mwaka 2003 kwamba siku 5 tu za kula pungufu zinatosha kuvuruga homoni inayoendesha mzunguko. Mpaka aliouona ni kalori 30 kwa kila kilo ya mwili ukiondoa mafuta, baada ya kutoa zile ulizochoma mazoezini. Ukiwa na kilo 42 zisizo mafuta, mazoezi yakichoma 600, basi 1,860 ndiyo sakafu. Sakafu, si lengo! Lengo ni karibu 2,500. Sasa pigeni hesabu ya chai ya rangi na ugali wa kudonoa.

Madini ya chuma nayo: mwongozo wa Marekani unampa mwanamke wa miaka 19 hadi 50 miligramu 18 kwa siku, mwanamume 8, kwa sababu ya damu ya kila mwezi. Maharage na mchicha kula na chungwa au kamulia ndimu, chai isogeze mbali na mlo. Vidonge usinunue kabla ya kupima damu. Na kula. Nimeshasema? Nasema tena, kula, hasa baada ya mazoezi, usingoje mpaka jioni.

Wewe binti, wiki hii nenda hospitali, usingoje mashindano yapite. Ukifika mwambie daktari habari ya hedhi kabla hujataja maumivu ya mguu. Kocha akinung'unika, mpe makala hii asome. Muda wangu wa Moshi upo kwenye matokeo, aulinganishe na ule wa enzi za chai ya rangi.