Wasomaji Wanauliza: Semi-Pro na Will Ferrell, Mbona Tumegawanyika Hivi?

Toleo lililopita tuliigusia Semi-Pro, ile komedi ya mpira wa kikapu ya mwaka 2008 ambayo Will Ferrell anacheza kama Jackie Moon, mwanamuziki aliyepata hit moja tu akachukua hela za wimbo akanunua timu, halafu akajipa umiliki, ukocha na namba uwanjani vyote yeye. Timu inaitwa Flint Tropics, iko Flint, Michigan, mwaka ni 1976, na ligi yao ya ABA iko mbioni kumezwa na NBA, ligi kubwa ya kikapu Marekani. Sasa barua zilizokuja hazielewani hata kidogo, kuna aliyecheka mpaka machozi na kuna anayetaka muda wake urudishwe. Nimechagua chache, na kwa kuwa hii muvi naipenda nitasema ninachokiona bila kuzunguka.

Swali: Habari za kazi. Mimi na mume wangu tumeiangalia pamoja, yeye anajipigapiga mapaja kwa kucheka mimi nimekaa tu namwangalia. Mimi nilivutiwa na yule mchezaji mzee, mume wangu anasema huyo ndiye anayeboa. Hivi nani yuko sahihi hapo?

Wote dada, na siwapatanishi kwa sababu kiukweli mmeangalia muvi mbili tofauti ndani ya muvi moja. Mumeo ameangalia ya Ferrell, pale Jackie Moon anapopigana mieleka na dubu katikati ya uwanja ili watu wajae, dubu anamponyoka mwenye kumtunza na ukumbi mzima unatimua mbio. Wewe umeangalia ya Woody Harrelson, anayecheza Ed Monix, mzee wa benchi aliyewahi kuvaa jezi ya Boston Celtics na ana pete ya ubingwa ambayo wenzake wanajua hakuitolea jasho. Unakumbuka alivyofika Flint? Jackie hana hela ya kununua mchezaji kwa hiyo anatoa mashine ya kufulia ya timu, timu nyingine inampa Monix. Mashine ya kufulia jamani! Kwa mumeo hiyo ni kichekesho basi, na ni kweli inachekesha, lakini wewe naamini uliona uso wa Harrelson, maana yule bwana haichezi ile hali kwa vituko hata kidogo, anaicheza kama mtu aliyeambiwa thamani yake mbele ya watu na bado kesho lazima aende mazoezini. Mimi hiyo ndiyo sehemu naipenda kuliko zote, na pale baadaye anapowashika wenzake mazoezini na kuwarudishia mchezo uleule tena na tena mpaka miguu inagoma, unaiona timu inazaliwa.

Shida ni kwamba muongozaji Kent Alterman hakuziunganisha hizo muvi mbili. Unatoka kwenye dubu unaingia kwenye mapenzi ya Monix na mpenzi wake wa zamani, kabla hujapoa unarudishwa kwenye kelele. Aliyekuja kucheka anaona anacheleweshwa, aliyekuja kwa ajili ya mchezo anaona anapigiwa kelele.

Swali: Mwandishi mimi Will Ferrell nimemchoka, tuseme ukweli. Dereva wa magari yeye, mcheza barafu yeye, kikapu yeye, na kila mara ni lile jitu linalojiona, linapiga kelele na kuvua shati. Si alichuja zamani huyu? Mbona mnaendelea kumsifia?

Ndugu yangu hoja yako ina uzito sana na sikukatalii mwanzo wake. 2006 ilitoka Talladega Nights, mbio za magari za NASCAR, 2007 ikaja Blades of Glory ya kuteleza kwenye barafu, Februari 2008 hii Semi-Pro. Miaka mitatu mfululizo, michezo mitatu, na mtu mwenyewe ni yuleyule, bingwa anayejiamini kupita kipimo halafu anaporomoka. Juu ya hapo Jackie Moon alitangulia kwenye matangazo ya biashara, bia ya Bud Light na manukato ya Old Spice, kwa hiyo mtu anafika ukumbini zile nywele za afro na kile kikaptula ameshavizoea. Na hela zilionesha, Talladega iliingiza kama dola milioni 148 Marekani peke yake, Blades kama 118, Semi-Pro ikaishia kama 33, wakati kuitengeneza tu iligharimu kama milioni 55.

Lakini hapo ndipo tunapoachana mimi na wewe. Julai ya mwaka uleule wa 2008 ikatoka Step Brothers, Ferrell yuleyule, kelele zilezile, watu wakajaa na ikafika kama dola milioni 100 hukohuko Marekani. Sasa kama watu walikuwa wamemchoka mwezi wa pili, mwezi wa saba uchovu wao ulikwenda wapi? Mimi naona tofauti ni nani amesimama mbele yake. Kwenye Step Brothers ni John C. Reilly. Kwenye Talladega ni Reilly tena, rafiki mtiifu anayemeza kila dharau, na upande wa pili Sacha Baron Cohen kama dereva Mfaransa asiyetishika na chochote. Kwenye Blades ni Jon Heder, mpole wa kukera, na wawili hao wanalazimika kushikana mikono kwenye barafu wakati hawapendani. Ferrell ni mchekeshaji wa kugombana, anataka mtu anayerudisha mpira kwa nguvu ileile na kwa upuuzi uleule. Semi-Pro ikampa Harrelson ambaye anacheza kwa utulivu, na André Benjamin wa kundi la rap la Outkast ambaye ni mzuri mno kama Clarence, nyota wa timu, ila naye anaigiza kwa upole. Kwa hiyo Ferrell anapiga kelele peke yake, na mtu akipiga kelele peke yake kwa saa moja na nusu hata anayempenda atachoka. Mimi lawama naipeleka kwa walioandika na waliopanga waigizaji, sio kwamba jamaa amekwisha.

Kuna sehemu moja anapata mtu wa kumjibu na ona inavyowaka! Shabiki anayecheza Jackie Earle Haley, mwenye nywele ndefu na usingizi usoni, anaitwa arushe mpira kutoka mbali kwa zawadi ya dola 10,000, unaingia! Jackie Moon hana hizo hela kabisa, alitegemea hakuna atakayefunga. Yule jamaa hapigi hata kelele, amefurahi tu anasubiri chake, na uso wa Ferrell unavyobadilika pale ni kazi ya mtu anayejua anachofanya.

Swali: Shikamoo mwandishi. Mimi ni mwanafunzi na nacheza basketi shuleni. Hiyo ABA ilikuwepo kweli au ni ya muvi? Na timu ya Flint je?

Marahaba mwanangu. ABA ilikuwepo kabisa, ilianza 1967 ikafa 1976, Flint Tropics ndiyo ya kubuni. Wale mpira wao ulikuwa wa rangi tatu, nyekundu, nyeupe na bluu, wazo la kamishna wao wa kwanza George Mikan, na mstari wa pointi tatu unaoupenda wewe leo wao walikuwa nao tangu mwanzo wakati NBA iliuchukua 1979. Shindano la danki la kwanza, yaani kuruka na kuutia mpira kwa mkono, pia ni lao, Denver mwaka 1976, Julius Erving, nyota wa New York Nets, akaruka kutoka mstari wa mitupo ya adhabu na kushinda. Vituko vya kuvutia watazamaji navyo sio uongo wa muvi, The Floridians kule Miami walikuwa na wasichana wa kuokota mipira waliovaa bikini, kisa tu watu waje uwanjani.

Sasa muvi inasema timu nne bora ndizo zitakazoingia NBA, ndio maana Tropics wanapigania nafasi ya nne na wanatakiwa wajaze watu pia. Kihistoria timu nne ziliingia kweli, Denver Nuggets, Indiana Pacers, New York Nets na San Antonio Spurs, lakini yalikuwa mambo ya makubaliano na hela, kila moja ililipa dola milioni 3.2. Nets walibanwa zaidi, ikabidi waongeze milioni 4.8 kwa New York Knicks kwa kuingia eneo lao, wakamuuza Erving kwa Philadelphia, yaani bingwa wa ABA anaingia ligi kubwa bila nyota wake. Na kuna waliobaki nje wakatajirika, wenye Spirits of St. Louis, ndugu wawili wa familia ya Silna, walikubali kuifunga timu kwa masharti kwamba watapata sehemu ya mapato ya televisheni ya zile timu nne milele, na wakalipwa miaka na miaka mpaka NBA walipokuja kumalizana nao 2014 kwa malipo ya karibu dola milioni 500. Hiyo ndiyo komedi ambayo mimi ningependa mtu aitengeneze.

Kitu kingine, muvi inafanya kama Tropics ndio walibuni ule mchezo wa mmoja kurusha mpira hewani na mwenzake kuudakia juu na kuutia, marefa wanashangaa wanapuliza filimbi. Usije ukaandika hivyo kwenye mtihani, David Thompson alishaufanya sana chuoni North Carolina State kabla hajaenda Denver 1975.

Swali: Naweza kuangalia na watoto?

Hapana. Marekani iliwekwa daraja la R, yaani chini ya miaka 17 aingie na mkubwa, matusi ni mengi mno tangu mwanzo. Talladega na Blades zilikuwa PG-13, daraja jepesi zaidi, na najua familia zilizoingia zikidhani ni zilezile zikatoka zimechukia, nao wamo kwenye hizo hisia mchanganyiko tunazoziongelea. Ukitaka ya kukaa na watoto chukua Kicking & Screaming ya 2005, Ferrell ni kocha wa soka wa watoto na baba yake ni Robert Duvall.

Swali: Mimi nimecheza kikapu miaka mingi na nimeona hii muvi ni matusi kwa mchezo. Ferrell hata kudunda mpira hajui, na ile ya kurusha mitupo ya adhabu kwa chini kama bibi kizee ni kutudhalilisha. Huyu jamaa anaujua mchezo gani?

Kaka pole kwa hasira lakini hapa nakukatalia kabisa. Ule mtupo wa kutokea chini, mikono miwili katikati ya miguu, Rick Barry aliutumia maisha yake yote na kwenye NBA aliingiza karibu 9 kati ya 10, na ABA pia alicheza. Watu walimcheka naye, wachezaji wengi wanaukwepa mpaka leo kwa kuogopa kuchekwa. Sasa angalia muvi inaufanyia nini, ni dakika za mwisho dhidi ya Spurs, kamishna ameshawaambia soko la Flint ni dogo timu itavunjwa hata wakishinda, na huyu jamaa anayependa sifa kuliko kitu chochote anakubali kurusha kwa mtindo wa kuchekwa mbele ya ukumbi mzima kwa sababu timu inahitaji pointi. Wa kwanza unaingia, wa pili anakosa, wenzake wanaupata mpira na Clarence anamaliza kazi. Hapo hakuna dharau kwa mchezo, mimi naona heshima tupu.

Na Ferrell mwenyewe michezo ameisomea, chuo cha University of Southern California alichukua masomo ya habari za michezo, marathoni ya Boston alikimbia 2003, leo ni mmoja wa wamiliki wa klabu ya soka ya Los Angeles FC. Machi 2015 alizunguka viwanja vya Arizona siku moja akachezea timu 10 za besiboli kwenye mechi za maandalizi, nafasi zote uwanjani, kuchangisha pesa za saratani. Uzito wa mwili wake na kukimbia kwake kizembe ni silaha anayoipanga, ukimwangalia vizuri huwa anaanguka mahali sahihi kila mara.

Swali: Sawa nimesoma mnavyomtetea, nataka nimpe nafasi moja tu ya mwisho. Niangalie ipi?

Kama unataka michezo na kucheka, Talladega Nights, hasa ile meza ya chakula ambapo familia inabishana kuhusu sala. Lakini kwa vile unasema umechoka na kelele mimi nakupeleka kwingine kabisa, Stranger Than Fiction ya 2006, mwaka uleule wa Talladega. Anacheza ofisa wa kodi, mkimya, anahesabu mpaka anavyopiga mswaki, siku moja anaanza kusikia sauti ya mwanamke inasimulia maisha yake, na sauti hiyo ni ya Emma Thompson. Hapigi kelele, havui shati. Alipendekezwa tuzo ya Golden Globe kwa hiyo kazi na alistahili. Iangalie yote mpaka mwisho, halafu kama bado hujamkubali tuandikie, nitaichapa barua yako kama ilivyo.